Jumapili za Miaka Mitatu

Msikilizaji aliye na kalamu karibu aandike namba hii, tarakimu tatu tatu, kutoka kushoto kwenda kulia: 147, kisha 573, kisha 952, kisha 589, kisha 676, kisha 412, na mwisho 927. Ni makundi saba, tarakimu 21. Kuitamka kwa jina lake ni taabu, lakini ukubwa wake unaweza kukadiriwa: bilioni mara bilioni, kisha mara 147 na zaidi. Mtu akiketi kuhesabu moja, mbili, tatu, namba moja kila sekunde, bila kula wala kulala, atahitaji miaka zaidi ya trilioni 4.6 kuifikia. Ulimwengu wote, kwa makadirio ya wanaastronomia, una miaka kama bilioni 13.8.

Namba kubwa hazina uhaba. Anayetaka kubwa kuliko hii aongeze moja tu. Hii, hata hivyo, ina historia yake. Kuanzia mwaka 1644 hadi 1876 ilihesabiwa kuwa namba tasa, yaani isiyogawanyika ila kwa moja na kwa yenyewe, kwa sababu mtu mmoja aliyeheshimiwa alisema hivyo. Kuanzia 1876 hadi 1903 ilijulikana kwa yakini kwamba inagawanyika, ila hakuna mtu duniani aliyeweza kutaja kigawo chake hata kimoja. Miaka hiyo 27 ndiyo inayostahili kusimuliwa, maana ndani yake mna jambo ambalo wengi hawaliamini mpaka walione kwa hesabu: kujua kwamba namba inagawanyika, na kujua inagawanyika kwa nini, ni kazi mbili mbali mbali. Ya kwanza ina njia. Ya pili imewachosha watu wenye akili sana.

Kuipata namba yenyewe ni rahisi. Mbili mara mbili ni nne, nne mara mbili ni nane, na kuendelea hivyo mpaka mbili zilizozidishwa zitimie 67. Kisha jibu linapunguzwa moja. Wanahisabati husema: mbili kwa kipeo cha 67, toa moja. Kompyuta, ambayo haijui tarakimu nyingine ila sifuri na moja, huiandika kama moja 67 zilizofuatana bila sifuri hata moja katikati.

Mstari huo wa moja tupu unafichua tabia ya kwanza ya namba za ukoo huu. Zikipangwa moja sita, 111111, zinaweza kukatwa katika makundi matatu ya mbili mbili, au makundi mawili ya tatu tatu. Kwa hesabu ya kawaida namba hiyo ni 63, na kweli inagawanyika kwa 3, ambayo kwa kompyuta ni 11, na kwa 7, ambayo ni 111. Idadi ya moja ikigawanyika, namba nayo hugawanyika, haina pa kukimbilia. Kwa hiyo anayetafuta namba tasa za aina hii sharti aanze na kipeo ambacho chenyewe ni tasa. Kipeo cha 67 ni tasa. Sharti hilo limetimia. Lakini sharti hilo peke yake halitoshi. Kumi na moja nayo ni tasa, ilhali mbili kwa kipeo cha 11, toa moja, ni 2047, ambayo ni 23 mara 89.

Namba hizi zimepewa jina la Marin Mersenne, mtawa wa Kifaransa wa shirika la Waminimi aliyeishi Paris na kufariki mwaka 1648. Wakati huo hapakuwa na majarida ya sayansi, na chumba cha Mersenne kilifanya kazi ya majarida: wataalamu wa Ulaya walimwandikia barua, naye akazipeleka kwa wengine, akiuliza, akichokoza, akiwaunganisha watu ambao pengine wasingejuana. Wanahisabati Descartes na Fermat walikuwa miongoni mwa waandikaji wake. Mwaka 1644, katika kitabu chake Cogitata Physico-Mathematica, alitangaza kwamba kati ya vipeo vyote visivyozidi 257, vinavyotoa namba tasa ni 2, 3, 5, 7, 13, 17, 19, 31, 67, 127 na 257 tu.

Tangazo hilo lilikuwa la kijasiri. Mersenne hakuwa na njia ya kuzipima namba kubwa za orodha yake, na wenzake walilijua hilo. Lakini hakuna aliyeweza kumsahihisha, kwa kuwa nao hawakuwa na njia. Leo inajulikana kwamba alikosea mara tano: 67 na 257 hazikustahili kuwemo, na aliziacha 61, 89 na 107. Kumlaumu kwa hayo ni kumwonea. Bila orodha yake huenda pasingekuwa na mtu wa kupoteza usingizi kwa ajili ya namba ya tarakimu 21.

Kupoteza usingizi huko kulikuwa na sababu ya zamani zaidi. Mwanahisabati Euclid, zaidi ya miaka 2000 iliyopita, alionyesha kwamba kila namba tasa ya ukoo huu huzaa namba timilifu, yaani namba ambayo vigawo vyake vidogo vikijumlishwa vinairudisha yenyewe. Sita ni moja na mbili na tatu. Ishirini na nane ni 1, 2, 4, 7 na 14. Zinazofuata ni 496 na 8128. Kama Mersenne angekuwa sahihi kuhusu 67, pangekuwa na namba timilifu ya tarakimu 41 inayosubiri kuandikwa.

Katika orodha ya Mersenne, kipeo cha 31 kilithibitishwa na mwanahisabati Leonhard Euler mwaka 1772. Namba yake ni 2,147,483,647, na ni tasa kweli. Namba hii imeingia katika maisha ya watu wasioijua. Kompyuta nyingi za zamani hutunza saa kwa kuhesabu sekunde tangu mwanzo wa mwaka 1970, katika nafasi isiyoweza kubeba namba kubwa kuliko hiyo ya Euler. Sekunde zitaifikia tarehe 19 Januari 2038, saa kumi na mbili na dakika 14 asubuhi kwa saa za Afrika Mashariki, na mashine zitakazokuwa hazijarekebishwa zitapotea katika kuhesabu muda. Mafundi wamekuwa wakizibadilisha kwa miaka mingi sasa.

Kutoka 31 hadi 67 ni safari ndefu kuliko inavyosikika. Kila kipeo kikiongezwa moja, namba inakuwa maradufu. Euler alithibitisha 31 kwa kujaribu vigawo kwa mkono, kazi ya mtu mwenye akili na subira. Kwa 67 njia hiyo ingemla mtu umri wake.

Ndipo alipoingia Édouard Lucas. Huyu alizaliwa Amiens, Ufaransa, mwaka 1842, akatumikia jeshi kama afisa wa mizinga katika vita vya Ufaransa na Prussia, kisha akawa mwalimu wa shule za sekondari. Wanaopenda michezo ya akili wanamjua kwa Mnara wa Hanoi, ule wa visahani vinavyohamishwa kutoka kijiti hadi kijiti, alioutoa mwaka 1883. Kazi yake kubwa ni nyingine. Aligundua kwamba namba za ukoo wa Mersenne zinaweza kuulizwa kama ni tasa bila kutafuta kigawo chochote.

Njia hiyo, katika sura aliyoinyoosha baadaye Mmarekani Derrick Lehmer, ni fupi kiasi cha kuelezeka redioni. Anza na 4. Izidishe kwa yenyewe, toa 2. Jibu ligawe kwa namba inayopimwa, uchukue baki tu. Baki hilo nalo lizidishe kwa lenyewe, toa 2, chukua baki. Idadi ya hatua ni kipeo, kutoa mbili. Hatua ya mwisho ikitoa sifuri, namba ni tasa. Ikitoa kitu kingine chochote, namba inagawanyika.

Ichukuliwe 127, ambayo ni mbili kwa kipeo cha 7, toa moja; basi hatua ni tano. Nne mara nne, toa mbili, ni 14. Kumi na nne mara 14, toa mbili, ni 194, na baki kwa 127 ni 67. Sitini na saba mara 67, toa mbili, ni 4487, baki 42. Arobaini na mbili mara 42, toa mbili, ni 1762, baki 111. Mia na kumi na moja mara 111, toa mbili, ni 12,319, na hiyo ni 127 mara 97 bila baki. Sifuri imepatikana. Namba 127 ni tasa, na hakuna mahali popote katika hesabu hiyo ambapo mtu alijaribu kuigawa kwa 3, au kwa 7, au kwa 11. Uzuri wa jambo hili hauchakai hata ukirudiwa mara ngapi.

Kwa kutumia mawazo ya aina hiyo, mwaka 1876 Lucas alitangaza mambo mawili. Kipeo cha 127 kinatoa namba tasa, yenye tarakimu 39. Hadi leo hakuna namba tasa kubwa kuliko hiyo iliyothibitishwa kwa mkono bila mashine. Kipeo cha 67 hakitoi namba tasa. Mersenne alikosea.

Ila Lucas hakuweza kusema ni namba zipi zikizidishwa zinatoa ile ya tarakimu 21. Njia yake haikumwambia. Ilimpa hukumu bila kumwonyesha ushahidi ambao mtu wa kawaida angeweza kuushika mkononi.

Waliotaka kumalizia kazi hawakuachwa gizani kabisa, kwa kuwa Fermat alikuwa amekwisha kuona, tangu 1640, kwamba vigawo vya namba hizi vina umbo maalumu. Mfano wa 2047 unatosha kulionyesha. Ukizidisha mbili kwa mbili mfululizo na kila mara ukachukua baki kwa 23, unapata 2, 4, 8, 16, 9, 18, 13, 3, 6, 12, kisha 1, halafu mzunguko unaanza upya. Ni hatua 11, sawa na kipeo. Na Fermat alijua kwamba urefu wa mzunguko wa namna hiyo lazima ugawe kigawo kilichopunguzwa moja: 23 toa moja ni 22, na 22 inagawanyika kwa 11. Kwa kuwa kigawo ni namba witiri, kikipunguzwa moja lazima kigawanyike kwa 2 pia.

Basi kigawo chochote tasa cha namba ya 67, kikipunguzwa moja, lazima kigawanyike kwa 134. Si hivyo tu. Kigawo hicho kikigawanywa kwa 8 lazima kibaki 1 au 7. Masharti haya mawili yanafagia sehemu kubwa mno ya namba zisizohitaji kujaribiwa. Hata hivyo, zinazobaki kabla ya kufikia kigawo kidogo ni zaidi ya 720,000. Kigawo hicho kina tarakimu tisa, na kila jaribio ni kuigawa namba ya tarakimu 21 kwa kalamu. Anayefanya majaribio kumi kila siku ya Mungu, bila kosa, atamaliza baada ya karne mbili hivi.

Aliyeikabili kazi hiyo ni Frank Nelson Cole, profesa wa Chuo Kikuu cha Columbia, New York, na katibu wa Chama cha Hisabati cha Marekani kwa miaka mingi, kuanzia 1896 hadi 1920. Jumamosi ya tarehe 31 Oktoba 1903, katika mkutano wa chama hicho mjini New York, ilifika zamu yake ya kuwasilisha mada iliyoitwa, kwa maneno ya kawaida tu, juu ya kutafuta vigawo vya namba kubwa. Kisa cha siku hiyo kimeenezwa na mwanahisabati Eric Temple Bell katika kitabu chake cha mwaka 1951. Kwa masimulizi ya Bell, Cole alikwenda ubaoni bila kusema neno. Akaandika mbili, akaizidisha hadi kipeo cha 67, akatoa moja. Kisha akahamia upande mwingine wa ubao, akaandika namba mbili na kuanza kuzizidisha, tarakimu kwa tarakimu, kama afanyavyo mwanafunzi wa shule ya msingi:

193,707,721 mara 761,838,257,287.

Majibu ya pande mbili yalilingana. Cole akarudi kitini, bado hajasema kitu, na ukumbi ukapiga makofi. Hakuna aliyeuliza swali. Bell anasema kwamba miaka kadhaa baadaye alimuuliza Cole ilimchukua muda gani, naye akajibu: Jumapili za miaka mitatu. Bell alikuwa msimuliaji aliyependa kuvipamba visa vyake, na huenda makofi yameongezwa chumvi. Hesabu haikuongezwa chochote. Cole mwenyewe alichapisha njia yake: hakujaribu vigawo kimoja kimoja, alitumia nadharia ya mabaki ya namba za mraba kuchuja na kuchuja tena, mpaka vilivyobaki vikawa vichache kiasi cha kuvifuata kimoja kimoja.

Aliyeandika namba mwanzoni anaweza kumkagua Cole sasa hivi. Tarakimu za namba kubwa zikijumlishwa zinatoa 109, na baki yake kwa tisa ni 1. Tarakimu za kigawo kidogo zinatoa 37, baki 1. Za kigawo kikubwa zinatoa 64, baki 1. Moja mara moja ni moja: yanalingana. Tarakimu mbili za mwisho nazo zina neno: 21 mara 87 ni 1827, na namba kubwa inaishia 27. Huo si uthibitisho kamili, ila makosa mengi ya kuandika yangenaswa hapo. Anayetaka uthibitisho kamili azidishe kama Cole. Ni kazi ya nusu saa kwa mtu makini. Na sharti la Fermat? Kigawo kidogo kikipunguzwa moja ni 134 mara 1,445,580, sawasawa.

Nusu saa ya kukagua, miaka mitatu ya kutafuta. Tofauti hiyo ndiyo iliyowafanya Ron Rivest, Adi Shamir na Leonard Adleman, mwaka 1977, kubuni mfumo wa siri unaobeba herufi za kwanza za majina yao, RSA. Mtu anachagua namba tasa mbili kubwa, anazificha, anaitangaza ile inayopatikana zikizidishwa. Kila mtu anaweza kuitumia hiyo iliyotangazwa kufunga ujumbe. Kuufungua kunahitaji zile mbili zilizofichwa. Mwanahisabati Mwingereza, Clifford Cocks, alikuwa amewaza jambo hilo hilo mwaka 1973 ndani ya idara ya siri ya serikali yake, na dunia ikaambiwa mwaka 1997. Tovuti nyingi za benki na maduka, zile zinazoonyesha alama ya kufuli, huthibitisha utambulisho wao kwa mfumo huu, mara nyingi kwa namba zenye tarakimu 617, au kwa mifumo mingine ya aina hiyo.

Uimara huo haukuthibitishwa na mtu yeyote. Unategemea tu kwamba hadi sasa hakuna aliyepata njia ya haraka. Na makadirio yamewahi kuaibika. Mwaka 1977 ilitangazwa katika jarida la Scientific American namba ya tarakimu 129, na zawadi ya dola 100 kwa atakayefungua ujumbe uliofungwa nayo. Ilidhaniwa ingechukua mamilioni ya miaka. Mwaka 1994 ilipasuliwa kwa msaada wa watu wapatao 600 waliojitolea kutumia kompyuta zao kupitia intaneti, kwa muda wa miezi kama minane. Mwaka 2020 ikaanguka nyingine ya tarakimu 250. Tena, mwaka ule ule wa 1994, mwanahisabati Peter Shor alionyesha kwamba kompyuta za kwantamu, zikipatikana kubwa za kutosha, zitavunja mfumo huu wote, na ndiyo sababu mifumo mingine inaandaliwa sasa.

Cole alipostaafu ukatibu mwaka 1920 wenzake walimchangia fedha za heshima. Alizirudisha kwa chama, na kutokana nazo ikaanzishwa Tuzo ya Cole. Andrew Wiles, aliyethibitisha hoja nyingine ya Fermat iliyokaa zaidi ya miaka 350 bila kuthibitishwa, aliipata mwaka 1997.

Namba aliyoipasua Cole leo inapasuliwa na kompyuta ndogo ya mezani ndani ya sekunde chache, hata kwa njia ya kizembe ya kujaribu kigawo kimoja kimoja. Lakini ukoo wa Mersenne haujaisha. Tangu 1996 watu wa kujitolea duniani kote wamekuwa wakiupekua kwa mradi ulioanzishwa na George Woltman, na Oktoba 2024 Luke Durant alipata namba tasa kubwa kuliko zote zinazojulikana: mbili kwa kipeo cha 136,279,841, toa moja, yenye tarakimu 41,024,320. Kipimo chao kikuu kwa miaka mingi kilikuwa kile kile cha nne mara nne, toa mbili.

Na hali ile ya 1876 ingalipo. Mbili kwa kipeo cha 1277, toa moja, ni namba ya tarakimu 385. Kipimo kimekwisha kutoa jibu: hesabu haikuishia kwenye sifuri, kwa hiyo namba inagawanyika. Hadi kufikia 2024 hakuna kigawo chake hata kimoja kilichopatikana, licha ya kompyuta zote zilizoelekezwa kwake. Kinachojulikana ni kwamba kila kigawo chake tasa, kikipunguzwa moja, kitagawanyika kwa 2554, na kikigawanywa kwa nane kitabaki moja au saba.